Kitako cha Bunduki na Subira ya Fundi

Wahenga walisema, "Usione vyaelea, vimeundwa." Maneno hayo yalinenwa juu ya vyombo vya baharini, lakini yafaa pia kwa bunduki ya mwindaji. Mtu aionapo bunduki nzuri hutazama chuma chake, nakshi zake na mng'ao wa mti wake. Mahali penye ubora wenyewe hapaoni, kwa kuwa pamefunikwa. Leo twataka kuwaeleza wasomaji wetu jinsi mafundi wa Uingereza watengenezavyo kwa mkono kitako cha bunduki ya risasi, ili tujue kwa nini kazi hiyo yachukua muda mrefu, na ni hasara gani hutokea ikifanywa kwa haraka.

Bunduki ya namna hii ina sehemu kubwa tatu. Ya kwanza ni kasiba, yaani bomba la chuma ipitamo risasi, lenye mifuo ndani iizungushayo risasi ili iende sawasawa. Ya pili ni mtambo, uipokeao risasi na kuipiga. Ya tatu ni ule mti ubebao vyote viwili, ambao mwisho wake huegemezwa begani. Katika somo hili tutauita mti huo wote kitako.

Mtambo utumiwao sana ni wa namna ya Mauser, ule uliochukuliwa na jeshi la Ujerumani mwaka 1898. Mwaka 1911 watengenezaji bunduki wa London waitwao Rigby walitoa bunduki ya .416 kwa ajili ya wanyama wakubwa, na mwaka 1912 Holland & Holland, wa London pia, wakatoa ile ya .375. Bunduki hizo zilipata sifa katika mawindo ya Afrika ya Mashariki. Risasi ya .416 ina uzito wa gramu 26 na zaidi, nayo hutoka kwa mwendo wa zaidi ya futi 2,300 kwa sekunde. Sasa nguvu iisukumayo risasi mbele ndiyo iisukumayo bunduki nyuma, na teke hilo lote hupita katika kitako kabla ya kulifikia bega. Basi kitako si pambo.

I. Kuchagua mti

Mti upendwao kuliko yote ni mjozi, uzaao jozi zenye kokwa za kuliwa. Hukua katika Uturuki, Ufaransa na nchi za Kaukasi. Una nguvu nyingi kwa uzito wake, hukatwa vizuri kwa patasi pasipo kubanduka, na ukiisha kukauka haupindi upesi. Tuulinganishe na mti wetu. Mita moja ya ujazo ya mjozi mkavu ina uzito wa kilo 640 hivi. Ya mpingo yapita kilo 1,200, ndiyo sababu mpingo huzama majini. Kitako cha mpingo kingemchosha mwindaji kabla ya adhuhuri.

Fundi hatazami kwanza rangi, bali mwendo wa nyuzi za mti. Mahali pembamba kuliko pote ni shingo ya kitako, pale panaposhikwa na mkono ufyatuao. Hapo yapasa nyuzi zifuate urefu wa shingo. Zikiikata shingo kwa upande, siku moja teke la bunduki litaivunja. Yale mawimbi ya mti yapendezayo macho fundi huyaacha yawe nyuma ya shingo, pasipo na hatari.

Kisha ubao hukaushwa kivulini. Desturi ya zamani ni mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene, na mafundi wengi hungoja zaidi. Ncha za ubao hupakwa nta au rangi, kwa maana maji ya mti hutoka upesi zaidi nchani, na zikiachwa wazi hupasuka. Mti uliochongwa kabla ya kukauka huendelea kunywea baada ya chuma kutiwa, na kazi yote huharibika.

II. Kuingiza chuma katika mti

Hii ndiyo kazi kubwa, na ndiyo isiyoonekana. Fundi hupaka chuma masizi yaliyochanganywa na mafuta, hukikandamiza juu ya mti, kisha hukiinua. Mahali palipogusana hubaki alama nyeusi. Hapo huparuza kidogo sana kwa patasi kali, akarudia tena. Hufanya hivyo mara nyingi mno, siku baada ya siku, mpaka masizi yaenee kila mahali sawasawa.

Chini ya chuma, mbele ya mtambo, kuna jino nene. Jino hilo ndilo lipokealo teke na kulitia katika mti. Kwa hiyo uso wake wa nyuma sharti uguse mti pote. Lakini nyuma kabisa, penye mkia wa mtambo, fundi huacha nafasi nyembamba kama karatasi. Huenda msomaji akauliza, "Je, si vizuri pia pabane?" La. Mkia ule ukigusa mti, kila risasi itaugeuza kabari, na kitako kitapasuka kama kuni chini ya shoka. Katika bunduki zenye teke kubwa huongezwa na vipande vya chuma vinavyokatiza ndani ya mti ili kuufunga.

Kasiba nayo ina jambo lake. Mti usiozuiliwa maji hufura wakati wa masika. Ukifura huisukuma kasiba upande, na bunduki iliyopiga shabaha wakati wa kiangazi haipigi tena pale pale. Mnyama akilengwa moyoni hupata jeraha tumboni. Nyati aliyejeruhiwa hujificha kichakani, na atakayemkuta labda si mwindaji, bali mwanamke aendaye kuteka maji. Hiyo ndiyo hasara tuliyoitaja: kosa la unene wa unywele lililofanywa London laweza kumwua mtu kijijini.

III. Kipimo cha mtu

Kama nguo, kitako hupimwa kwa mwenyewe. Toka kifyatulio mpaka mwisho wa kitako ni inchi 14 hivi kwa mtu wa kimo cha kadiri. Kikiwa kirefu mno hunasa kwapani. Kikiwa kifupi, kidole gumba humpiga mwindaji puani. Urefu ukiwa sawa, mtu huinua bunduki na jicho lake laikuta shabaha pasipo kuitafuta. Mbele ya mnyama ajaye mbio hapana nafasi ya kutafuta.

IV. Mafuta

Kitako kikiisha kusuguliwa kwa msasa, hulowanishwa kidogo na kukaushwa, ili nyuzi zilizolala zisimame. Nazo husuguliwa tena. Baadaye hupakwa mafuta ya kitani kwa kiganja, kidogo kidogo, kwa siku nyingi. Mwisho wa kitako uliofunikwa nao hupakwa, maana maji hupenya hasa nchani. Penye kushikwa huchorwa mistari midogo ya kukatana, 20 au zaidi kwa kila inchi, ili mkono wenye jasho usiteleze.

V. Majaribio na sheria

Kasiba na mtambo hujaribiwa kwa baruti yenye nguvu kupita ya kawaida, kisha hupigwa mhuri. Chama cha mafundi wa bunduki wa London kilipata hati yake mwaka 1637, na nyumba ya majaribio ya Birmingham iliwekwa kwa sheria ya mwaka 1813. Twalitaja jambo hili kwa kusudi. Gobore la bomba la maji halina mhuri wala jaribio, na laweza kumpasukia mtu usoni. Tena sheria za nchi zetu zamkataza mtu kutengeneza au kuweka bunduki pasipo idhini ya serikali. Hata uwindaji una mipaka yake: Kenya uliondolewa mwaka 1977, na Tanzania haufanywi ila kwa leseni. Basi somo hili si la kumfundisha mtu kuunda bunduki nyumbani.

VI. Faida kwetu

Faida yake ni katika kazi zetu wenyewe. Mwalimu wa ufundi na awape wanafunzi mpini wa shoka na kuwauliza: nyuzi zaenda wapi? Mpini ambao nyuzi zake zakatiza huvunjika, na kichwa cha shoka humrukia aliye karibu. Na awape masizi na mafuta, wapake tundu la shoka, waingize mpini, wautoe na kutazama: palipo peusi pamegusa, palipo peupe pana nafasi. Mwanafunzi atakayeparuza na kurudia mpaka weusi uenee pote, bila kutia kabari ya kuficha kosa, huyo ameanza kuwa fundi.