Solo si bosi: majibu kwa wapiga gitaa wa Bukavu

Barua zenu zimejaa mezani. Zinazouliza akordi ya kwanza ni ipi nimeziweka kando; jirani yeyote mwenye gitaa atakuonyesha jioni moja. Nimechukua zile zinazoninyima usingizi.

*Papa Mwalimu, tangu mwaka jana wameniweka kwenye rithimu. Nifanye nini nipande hadi solo?* (Barua saba, kutoka Bagira, Kadutu na Panzi, zote zikilia kilio kimoja.)

Nawajibu pamoja, na kwa urefu, maana kosa hili linaua wapiga gitaa wa mji huu kabla hawajakomaa. Mnaamini rithimu ni adhabu na solo ni cheo. Sikilizeni African Jazz ya Kabasele. Kila mtu anamtaja Docteur Nico, ambaye gitaa lake linaimba ndani ya Indépendance Cha Cha, wimbo uliotoka Brussels mwaka 1960 wakati wa Mkutano wa Meza ya Mviringo. Kando yake, kwenye rithimu, yuko kaka yake mkubwa, Charles Mwamba, aliyeitwa Dechaud. Rudieni nyimbo zao huku mkimfuata Dechaud peke yake. Nico anachelewa, anawahi, anaingia katikati ya mpigo, wala hapotei, kwa sababu kaka yake amemtandikia njia. Mwaka 1963 Nico alipoondoka kwenda kuunda African Fiesta na Rochereau, Dechaud aliondoka naye.

Sasa tazameni sebene, ile sehemu ya wimbo ambapo magitaa yanaachiwa watu wacheze, inavyofumwa. Rithimu anashika kifungu kifupi na kukirudia bila kuchoka. Mi-solo anaingia kwenye mianya ambayo rithimu ameiacha, si juu yake. Ndiyo maana wengine hutumia mi-composé: wanatoa uzi wa nne, ule mnene, wanaweka mwembamba kama wa kwanza na kuupandisha oktava nzima, ili gitaa la kati lipate sauti nyangavu isiyogongana na mwenziwe. Solo anakuja mwisho na kutembea juu ya yote hayo. Mkikutana wapiga gitaa watatu na kila mmoja anataka kusikika yeye, hapo hakuna sebene, kuna ugomvi. Na jaribio ni rahisi: katika sebene nzuri mnyamazishe solo, watu wataendelea kucheza. Mnyamazishe rithimu, watasimama wakitazamana.

Kwenye rock ni vilevile. Kabla dunia haijamjua, Jimi Hendrix alikuwa akiwasindikiza Isley Brothers na Little Richard. Katika AC/DC, kundi lililoanza mwaka 1973, Malcolm Young alimwachia mdogo wake Angus sehemu kubwa ya solo, na yeye akalibeba kundi zima kwa mkono wake wa kulia. Basi baki kwenye rithimu, mwanangu. Ukiweza kushika kifungu kimoja dakika kumi bila kuharakisha na bila kulegea, niandikie tena.

*Ni kweli wapiga gitaa wakubwa walipewa mikono na mamba muntu, yule jini wa majini? Kuna mzee anachanja chale kwenye kifundo cha mkono, kwa dola.*

Uongo, tena uongo wa hatari. Franco aliitwa mchawi wa gitaa kwa sifa, kama tunavyomwita mshona nguo hodari jini. Alianza utotoni na gitaa la kujitengenezea, akafundishwa na wakubwa zake mtaani Léopoldville, na mwaka 1956, akiwa na miaka 17, akawa miongoni mwa walioanzisha OK Jazz. Huko Mississippi nako walimzushia Robert Johnson kwamba aliuza roho njia panda. Kila mahali watu wasioona saa za mazoezi hutafuta shetani wa kumpa sifa. Wewe uliyekwisha kuchanjwa kwa wembe uliopita kwa wengine, nenda hospitali ukapimwe virusi vya UKIMWI na homa ya ini. Usisubiri wiki ijayo.

*Nawezaje kupiga haraka zaidi?*

Punguza mwendo hadi usikosee kabisa. Kaa hapo wiki mbili.

*Nyuzi ni ghali. Nimeweka waya wa breki ya baiskeli kwenye gitaa langu la nyuzi za nailoni.*

Zitoe leo. Gitaa la nailoni limejengwa kuvumilia mvuto wa karibu kilo 40 kwa nyuzi zote sita. Nyuzi za chuma za kawaida huvuta karibu kilo 70. Tumbo la gitaa linavimba, shingo inapinda, na kile kibao kinachoshika nyuzi kinang'oka na gundi yake. Gitaa langu la kwanza lilikufa hivyo, kwa mikono ya muuzaji aliyeniapia kwamba uzi ni uzi. Waya wa breki ni wa gitaa la kopo na ubao ulilolitengeneza mwenyewe, na hapo nakupongeza. Na kabla hujanunua nyuzi mpya, futa za zamani kwa kitambaa kikavu kila umalizapo kupiga. Jasho ndilo linalozila.

*Natumia mkono wa kushoto. Mwalimu wangu ananilazimisha kutumia wa kulia.*

Badilisha mwalimu. Hendrix alipiga kushoto.

*Wenzangu Nyawera wananicheka kwa kupenda rock. Wanasema ni muziki wa wazungu. Na mama mmoja anauliza kama ni vibaya binti yake kupiga gitaa la umeme.*

Jibu lenu ni moja. Sister Rosetta Tharpe, mwanamke mweusi wa kanisani, alirekodi Strange Things Happening Every Day mwaka 1944, rock haijapata hata jina. Mama, mpe binti yako gitaa. Nawe kijana, waambie wenzako kwamba Bashi walikuwa wakisimulia habari kwa lulanga, ala yao ya nyuzi, kabla hatujaona gitaa, na kwamba Mwenda Jean-Bosco alirekodiwa Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, akipiga kwa kidole gumba na cha shahada, na ukisikiliza Masanga utadhani wamekaa watu wawili. Namsikia Bosco kwa sauti mbili tu za kwanza, najua ni yeye. Hendrix vilevile: mlio wa spika unaorudi kwenye gitaa na kupiga mbinja, ule ambao wengine waliukimbia kama hitilafu, yeye aliushika akaugeuza kuwa wimbo. Nikiulizwa mkubwa ni nani, natafuta huyo: mwenye sauti ambayo huwezi kuipachika kwa mtu mwingine.

*Umeme ukikatika tufanyeje mazoezi?*

Gitaa la umeme lisilochomekwa lina sauti ndogo, lakini ipo. Keti karibu na ukuta, egemeza pembe ya gitaa kwenye mlango wa kabati la mbao, utalisikia likikua. Hapo utasikia pia kila uzi unaougusa bila kukusudia, mambo ambayo spika ilikuwa inakufichia. Anza na hayo.