Digrii za afya: Ijue kazi kabla ya kuchagua jina

KILA matokeo ya mtihani wa KCSE yanapotangazwa, wazazi na vijana hufika katika kliniki yangu bila ugonjwa wowote. Huja na swali. Mtoto amepata alama nzuri, anataka "kusomea mambo ya hospitali", na KUCCPS inampa majina mengi yanayokaribiana: udaktari, tiba ya kliniki, uuguzi, famasia, sayansi ya maabara, lishe, afya ya umma, biokemia ya tiba. Wengi huchagua jina linalosikika kama udaktari, kisha hugundua katika mwaka wa tatu kwamba walikuwa na kazi nyingine akilini.

Hebu, msomaji, tumfuate mgonjwa mmoja. Mama wa miaka 55 mwenye kisukari anafika hospitali ya kaunti akiwa na kidonda mguuni. Mara nyingi atakayemwona kwanza ni afisa wa kliniki, ambaye atamhoji, kumpima na kuagiza vipimo. Damu yake inapelekwa maabara. Huenda mtaalamu wa huko asimwone mama huyo hata siku moja, lakini majibu yake yakiwa na kosa, sisi wengine wote tutakosea pamoja naye. Daktari ataamua kama kidonda kinahitaji upasuaji, na atawajibika kwa uamuzi huo. Mfamasia atakagua dawa alizoandikiwa. Figo zikiwa zimedhoofika sana, kwa mfano, metformini haimfai tena, na ni lazima mtu alione jambo hilo kabla dawa haijatolewa.

Muuguzi ndiye anayebaki naye usiku kucha. Anakisafisha kidonda, anamdunga insulini, na ndiye wa kwanza kutambua kwamba mgonjwa anatokwa jasho na kuweweseka kwa sababu sukari imeshuka mno. Mtaalamu wa lishe atamweleza kiasi cha ugali anachoweza kula, na yule wa tiba ya maungo atamfunza kutembea tena. Afisa wa afya ya umma hayumo wodini kabisa. Yeye yuko sokoni na mitaani, akikagua maji, vyoo na vyakula, na kipindupindu kikizuka yeye ndiye anayetafuta kisima kilichochafuka.

Sasa jiulize: kati ya hao, ni yupi ungependa kuwa saa tisa usiku, ukiwa umechoka? Swali hilo hunisaidia kuliko kumuuliza kijana "ndoto" yake ni nini. Kuna wanaopenda sayansi kwa dhati lakini hawavumilii harufu ya kidonda wala kilio cha jamaa za mgonjwa. Hao si wabaya. Maabara na famasia zinawahitaji.

Muda nao una uzito. Udaktari huchukua miaka 6 chuoni, kisha mwaka mmoja wa uanagenzi hospitalini, na anayetaka kuwa bingwa wa watoto au wa upasuaji hurudi darasani kwa miaka mingine kadhaa. Famasia ni miaka 5 na uanagenzi wa mwaka mmoja. Uuguzi na tiba ya kliniki ni miaka 4, na baadaye mwaka wa uanagenzi. Sayansi ya maabara, lishe na afya ya umma kwa kawaida ni miaka 4. Kwa mzazi anayejilipia karo, tofauti ya miaka miwili ni ng'ombe wengi.

Kuhusu tiba ya kliniki, nasema waziwazi kwa sababu hapa ndipo watu hupotea zaidi. Digrii hii si njia ya mkato ya kuwa daktari. Anayehitimu husajiliwa na baraza la maafisa wa kliniki chini ya sheria yao ya mwaka 2017, wala si na baraza la madaktari. Ni kazi kamili yenye heshima yake. Kuna maafisa wa kliniki waliobobea katika macho, watoto au kuwatia wagonjwa dawa ya usingizi, na hospitali nyingi za mashambani zingefungwa bila wao. Lakini ukiichukua huku moyo ukisema nitageuka daktari baadaye, jua kwamba utalazimika kuomba upya nafasi ya udaktari na kusoma kozi hiyo.

Uuguzi nao unadharauliwa bila sababu. Mzazi mmoja aliniambia mbele ya bintiye kwamba alama zake "zingepotea bure" huko. Nilimjibu kwamba muuguzi mwenye digrii anaweza kuendelea hadi uzamili, kufundisha, kuongoza wodi au kubobea katika ukunga na wagonjwa mahututi. Mwaka 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini mkataba wa kuwaajiri wahudumu wa afya wa Kenya huko, na wauguzi ndio waliotajwa zaidi. Sikumwambia kwamba kazi ni nyepesi, maana si nyepesi. Mgongo huuma.

Sasa tahadhari. Neno "tiba" au "afya" katika jina la digrii halikupi leseni ya kumtibu mtu. Biokemia ya tiba, usimamizi wa mifumo ya afya na maendeleo ya afya ya jamii ni masomo halali yanayoweza kukupeleka kwenye utafiti, ofisi za kaunti au mashirika, lakini hayakufanyi daktari wala muuguzi. Kwa hiyo, kabla ya kuthibitisha chaguo lako, uliza mambo mawili: nikihitimu nitasajiliwa na baraza lipi? Na je, baraza hilo linakitambua chuo hiki kwa kozi hii? Usiridhike na jibu la karani wa usajili wa wanafunzi. Andikia baraza lenyewe. Asiyekubaliwa kufanya mtihani wa baraza hubaki na cheti cha kuning'iniza ukutani.

Pia usidanganyike kwamba ajira inakungoja mlangoni. Kati ya Machi na Mei 2024 madaktari waligoma kwa siku 56, na kiini kimojawapo kilikuwa madaktari wanagenzi kukosa kupelekwa hospitalini na mzozo kuhusu malipo yao. Mwanagenzi asiyepelekwa hawezi kupata leseni kamili, hata kama aliongoza darasa.

Ukiwa umechagua tayari na moyo umebadilika, KUCCPS hufungua kipindi cha kuomba uhamisho, mradi ufikishe alama za kozi unayoitaka. Fanya hivyo mapema.

Na kozi yoyote itakayokupeleka karibu na damu au sindano, pata chanjo ya homa ya ini aina ya B kabla hujaingia wodini. Ni dozi tatu: ya pili hutolewa mwezi mmoja baada ya ile ya kwanza, na ya tatu miezi sita baada ya hiyo hiyo ya kwanza.