Je, Watoto Wadogo Wacheze Mpira wa Kugongana?

Leo tujifunze habari za mchezo ambao wengi wetu hatujauona kwa macho. Wamarekani wanauita futiboli, lakini si huu wetu. Mpira wake ni mrefu, umechongoka huku na huku, na unashikwa kwa mikono. Kila upande una watu 11. Kazi ni kuufikisha mpira mwisho wa uwanja wa wenzao. Na hao wenzao wafanye nini? Wamkamate mwenye mpira, wambwage chini. Si kosa, ndiyo sheria yenyewe. Kwa hiyo wachezaji huvaa kofia ngumu na vikinga vya mabega.

Wapo watoto wanaoanza kuucheza wakiwa na miaka sita au saba tu. Wazazi wengi wanaupenda. Wanasema unamfundisha mtoto utii na kushirikiana na wenzake, tena vijana wa nyumba maskini wamesoma chuo kikuu bila kulipa ada kwa sababu ya mchezo huu. Hayo ni kweli, wala hatuyadharau.

Basi tatizo liko wapi? Liko ndani ya kichwa. Ubongo ni kitu laini, umezungukwa na maji ndani ya fuvu. Chukua yai bichi ulitikise kwa nguvu karibu na sikio. Ganda ni zima, lakini ndani mambo yanatikisika. (Mama anayejua kupima mayai viza ametuelewa.) Kofia ngumu ni kama ganda jingine juu ya ganda. Inazuia fuvu lisipasuke, lakini haizuii ubongo usitikisike. Na mtoto mdogo kichwa chake ni kikubwa kuliko nguvu za shingo yake, na ubongo wake bado unakua.

Aliyewafumbua macho Wamarekani ni Mwafrika mwenzetu, Daktari Bennet Omalu, mzaliwa wa Nigeria. Mwaka 2002 alikufa Mike Webster, mchezaji mashuhuri wa timu ya Pittsburgh Steelers, akiwa na miaka 50 tu. Miaka yake ya mwisho alikuwa anasahau sana, na siku nyingine alilala ndani ya gari lake. Omalu alipoupasua ubongo ule, kwa macho ulionekana mzima. Alipoutazama kwa darubini akakuta uharibifu wa aina iliyojulikana kwa mabondia tangu zamani. Aliandika habari hizo mwaka 2005. Madaktari wa ligi kubwa wakataka maandishi yake yafutwe! Ilifika mwaka 2016 ndipo mkubwa mmoja wa ligi alipokubali mbele ya wabunge kwamba mchezo na ugonjwa huo, uitwao kwa kifupi CTE, vina uhusiano.

Mwaka 2017 wataalamu wa Boston walitoa hesabu yao. Walipima bongo za wachezaji 111 wa ligi ile waliokufa, wakakuta ugonjwa katika 110. Hapa tusiruke haraka. Bongo nyingi zilitolewa na jamaa walioona mgonjwa wao amebadilika. Ni kama kuhesabu malaria kwenye foleni ya zahanati, halafu useme kijiji kizima kinaumwa. Hata hivyo 110 si jambo la kupuuza. Wataalamu wanasema pia kwamba ubaya hauletwi na pigo moja kubwa tu. Ni mapigo madogo madogo, mengi, ya miaka mingi. Basi anayeanza na miaka sita amejiongezea mapigo mangapi kabla hajabalehe?

Katika jimbo la California, sheria iliyoanza mwaka 2021 inaruhusu mazoezi ya kugongana kwa watoto siku mbili tu kwa juma, nusu saa kila siku. Mwaka 2024 wabunge wengine walitaka kuwakataza kabisa wenye umri chini ya miaka 12, lakini gavana alisema hatatia sahihi. Alisema wazazi waachiwe uamuzi.

Sisi tunaona mtoto asubiri. Upo mchezo uleule wa kuvaa utepe kiunoni. Mwenzako akiuchomoa, umekamatwa, na hakuna wa kubwagwa. Umeingizwa hata katika michezo ya Olimpiki ya Los Angeles ya 2028. Mbio zipo, akili ipo, utii upo. Kinachokosekana ni kipigo tu.

Msomaji atauliza, “Sasa sisi wa huku yanatuhusu nini?” Yanatuhusu, maana watoto wetu hupiga mpira kwa kichwa. Mwaka 2015 chama cha soka cha Marekani kilitangaza kwamba wenye miaka 10 kushuka chini wasipige kichwa. Mwaka 2020 Uingereza na Uskochi zikaondoa vichwa katika mazoezi ya watoto wa shule za msingi. Kwetu pia mwalimu anaweza kuwafundisha wadogo chenga na pasi kwanza.

Na mtoto akigongwa kichwa, atoke uwanjani, asirudi siku hiyo hata akisema yu mzima. Akitapika, akisinzia isivyo kawaida, akisema maneno yasiyoeleweka, kichwa kikizidi kumwuma, au akizimia hata kwa dakika moja, msingoje kesho. Mpelekeni kwa mganga mara moja, hata kama ni usiku.