Wayo Usiosikia Sakafu

Alfajiri moja, nikiwa na umri wa miaka 68, nalikuwa nimesimama penye bomba la uani nikitia udhu, na mara nilipofumba macho nioshe uso nikajiona nayumba kama jahazi lisilo farumi, na lau ukuta usingalikuwa karibu ningalianguka. Nikadhani ni kizunguzungu. Walakini tabibu, baada ya kunisimamisha miguu imeshikana na kunifumbisha macho, alisema kasoro imo nyayoni, na kwamba jaribio lile huitwa kwa jina la Romberg, tabibu wa Berlin wa karne ya 19.

Mwili husimama kwa ushahidi wa watatu, yaani macho, sikio la ndani, na hisi za nyayo na viungo. Umri unapokwenda, hususan kwa mwenye kisukari, shahidi huyo wa tatu huanza kunyamaza, wala mwenyewe hatambui, maadamu macho yanamsitiri, mpaka taa izimike.

Ukitaka kujua hali ya nyayo zako, fumba macho, kisha mtu wa nyumbani akuguse kwa ncha ya kidole cha shahada, kwa wepesi pasipo kubonyeza, kwenye kidole gumba, cha kati na cha mwisho vya kila mguu. Ukikosa kusikia mahali pawili au zaidi katika hapo sita, nenda hospitali. (Mke wangu alinigusa cha mwisho mara tatu, akidhani namfanyia mzaha.)

Mimi hufanya mazoezi pembeni mwa chumba, kuta mbili nyuma yangu na kiti mbele: kwanza miguu pamoja kwa nusu dakika, kisha mmoja mbele ya mwenziwe, na kufumba macho ni baada ya majuma kadhaa, mtu akiwapo karibu. Viatu vyenye soli nene na laini, ambavyo wanangu waliniletea kwa mapenzi, nimeviweka kando, kwani soli nyembamba na ngumu hupeleka habari za sakafu upesi zaidi. Ila aliyepoteza hisi kabisa asithubutu kwenda pekupeku, asije akachomwa na msumari asijue.

Usiku huacha taa ndogo ikiwaka njia ya msalani, na nikipita hugusa ukuta kwa ncha ya kidole, bila kuegemea, maana mguso huo mwepesi watosha kupunguza kuyumba. Na udhu, tangu alfajiri ile, nautia nimeketi juu ya kigoda.