SOMO: KUZIJUA NYUZI ZA GITAA

Vikundi vingi vina gitaa moja na mtu mmoja tu anayeliweza. Mtu huyo akipata kazi mjini, gitaa linatundikwa ukutani mpaka nyuzi zinashika kutu. Gitaa ni mali ya wote, kwa hivyo tujifunze sote majina ya nyuzi na jinsi ya kuzilinganisha.

1. Majina ya nyuzi
Gitaa la kawaida lina nyuzi sita. Uzi mwembamba kabisa ni wa 1, na ule mnene kabisa ni wa 6. Tukianza na mnene tunasema: E, A, D, G, B, E. Zile E mbili zina jina moja, lakini moja inalia chini na nyingine juu, kama vile baba na mtoto wakiimba wimbo mmoja.

2. Shingo ya gitaa
Vile vyuma vyembamba vinavyokata shingo vinaitwa freti. Bonyezeni uzi karibu na chuma, si juu yake. Kila mkisogea freti moja kuelekea tumbo la gitaa, sauti inapanda kidogo. Herufi za muziki ni saba, A mpaka G, kisha tunarudia A. Kutoka herufi moja hadi inayofuata ni freti mbili. Lakini B kwenda C, na E kwenda F, ni freti moja tu.

Mfano ni uzi wa 6. Usipobonyezwa ni E. Freti ya 1 ni F, ya 3 ni G, ya 5 ni A, ya 7 ni B, ya 8 ni C, ya 10 ni D, na ya 12 ni E tena.

3. Kulinganisha nyuzi
Bonyezeni uzi wa 6 kwenye freti ya 5. Hiyo ni A, basi uzi wa 5 ulie sawasawa nayo. Uzi wa 5, freti ya 5, unatoa sauti ya uzi wa 4. Uzi wa 4, freti ya 5, unatoa ya uzi wa 3. Hapa muwe macho: uzi wa 3 unabonyezwa freti ya 4 ili kupata sauti ya uzi wa 2. Kisha uzi wa 2, freti ya 5, unatoa ya uzi wa 1.

Kazeni polepole. Uzi ukikatika ni pesa za kikundi zimepotea.

4. Faida yake
Huko Magharibi mwa Kenya, George Mukabi alisifika kwa mtindo wa omutibo. Kidole gumba kinashika nyuzi nene, na kidole cha shahada kinaimba kwenye nyuzi nyembamba. Asiyezijua nyuzi zake hawezi kuvigawia vidole kazi namna hiyo.

Maswali ya kujadiliana
(a) Uzi wa 5 ukibonyezwa freti ya 3 unatoa herufi gani? (Jibu: C.)
(b) Gitaa lenu linakaa kwa nani? Je, akina mama na vijana wanaruhusiwa kulishika?
(c) Nani atalilinganisha mkutano ujao? Tafadhali asiwe yule wa kila siku.