Mwalimu, Jua Haya Kabla ya Kujisajili kwa Shahada ya Uzamili

Walimu wa Kaunti ya Kakamega wanaotaka kuongeza elimu wana chuo kikuu karibu nao. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kilianza mwaka wa 1972 kama chuo cha WECO na kikawa chuo kikuu kamili mwaka wa 2007. Lakini masomo ya uzamili kwa kawaida huchukua miaka 2 hivi, na wengi huyalipia kwa mkopo unaokatwa kwenye mshahara. Ni vyema mwalimu ajue mapema shahada hiyo itamfaidi vipi.

Mwajiri wako ni nani? Walimu wa shule za umma za msingi na sekondari wako chini ya Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC. Elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijiji ni jukumu la kaunti. Ruhusa ya masomo huombwa kwa mwajiri, na huombwa kabla ya kuanza kusoma.

Je, shahada hupandisha daraja? Si yenyewe. Chini ya mwongozo wa TSC, mwalimu hupanda kwa kutegemea nafasi iliyopo, muda aliotumikia daraja lake na tathmini ya kazi yake. Cheti kipya huongeza nguvu ya ombi lako, lakini hakikuhakikishii nyongeza ya mshahara. Usichukue mkopo ukitegemea nyongeza ambayo hujaahidiwa.

Je, ni sawa na mafunzo ya TSC? Hapana. Kifungu cha 35 cha Sheria ya TSC ya 2012 kinamtaka mwalimu ajiendeleze kitaaluma na kuchukua cheti cha ualimu. Usidhani kwamba shahada inatosheleza sharti hilo. Uliza afisi ya TSC kwa maandishi na uhifadhi jibu.

Wengi hukwama wapi? Kwenye tasnifu. Darasani kuna ratiba na wenzako. Kwenye utafiti unabaki wewe na msimamizi wako, huku kila muhula unaoongezeka ukiongeza karo. Chagua mada iliyo karibu na kazi yako, kwa mfano jinsi wanafunzi wa darasa lako wanavyosoma hisabati. Omba kibali cha utafiti kutoka NACOSTI mapema, na usianze kukusanya data kabla ya kukipata.

Kabla ya kulipa:

- Hakikisha kwamba kozi imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu.
- Uliza karo yote hadi kuhitimu, pamoja na ada ya tasnifu.
- Uliza kama kuna masomo ya likizo za Aprili, Agosti na Desemba.
- Ulizia mikopo ya HELB kwa walio kazini, kisha linganisha riba na ya sacco yako.

Haraka haraka haina baraka. Wiki moja ya kuuliza maswali yaweza kukuokoa miaka ya kulipa deni.