SOMO LA ROBO HII: Kumbukumbu za Mgonjwa na Mnyororo wa Mihuri

Ndugu wanakamati na wafadhili wetu,

Kila tunapotembelea zahanati tunakuta jambo lile lile: mgonjwa amepewa rufaa, faili limebaki nyuma, na daktari hospitalini anaanza kuuliza upya. Mgonjwa akiwa hajitambui, nani atasema ni dawa gani inayomdhuru? Ndiyo maana baadhi yenu mmetuuliza kuhusu blokucheni. Tujifunze kwa mfano wa Estonia.

Estonia ni nchi ndogo ya Ulaya yenye watu wapatao milioni 1.3. Mwaka 2008 ilianza kutumia mfumo wa taifa unaounganisha kumbukumbu za afya. Mwaka 2016 taasisi iliyousimamia ilitangaza ushirikiano na kampuni ya Guardtime, ili kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya milioni moja zilindwe kwa teknolojia ya aina hiyo.

Hapa wengi hukosea. Habari za mgonjwa haziwekwi ndani ya mnyororo. Zinabaki kwenye kompyuta za mfumo wa afya. Kinachowekwa ni muhuri, yaani msimbo mfupi unaokokotolewa kutokana na maandishi yenyewe. Herufi moja ikibadilishwa, muhuri haulingani tena. Na kwa kuwa mihuri ya leo hufungamana na ya jana, hata fundi wa kompyuta hawezi kubadilisha ya nyuma asigundulike. Aidha, mgonjwa anaweza kuona ni nani aliyefungua kumbukumbu zake.

Basi tupambanue. Mihuri na ruhusa huleta usalama. Upesi huletwa na mtandao na namba moja ya utambulisho kwa kila mtu. Blokucheni haileti umeme, wala hairekebishi kosa. Kundi la damu likiandikwa vibaya, mnyororo utalinda kosa hilo hilo.

Kwetu Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti. Wajibu wa kuzitunza umeshatufikia, hata pale tunapotumia daftari na kabati. Kwa hiyo tunashauri tuanze na uandishi sahihi na kufuli, kisha mtandao, ndipo tuzungumzie mnyororo.

Maswali ya kujadili katika kamati:

1. Nani anaruhusiwa kufungua faili la mgonjwa katika zahanati yenu, na je, jina lake huandikwa?
2. Mgonjwa wa rufaa huondoka na karatasi gani mkononi?
3. Umeme hupatikana saa ngapi kwa siku?

Tunaomba majibu yaletwe kwenye kikao kijacho cha mradi, kabla hatujaomba fedha za kompyuta hata moja.